Mafiga Matatu ya Kuchonga Chuma kwa Tarakilishi

Mwaka huu wenzangu wa Chama cha Kiswahili waliniomba niandike makala ya maelezo. Wengi walidhani nitaandika juu ya usafi wa mazingira au madhara ya mihadarati, maana hizo ndizo mada zetu za kila mwaka. La hasha! Nataka kukueleza jinsi ya kupanga mabapa katika programu ya tarakilishi inayoongoza mashine ya kuchonga chuma. Tafadhali usikunje uso. Ukiwa na kiberiti, penseli na vidole vitatu vya mkono wa kulia, utaelewa kabla kengele ya mapumziko haijalia.

Kwa nini nimechagua mada hii? Kusema kweli, ni kwa sababu nilivunja biti, nikachimba shimo kwenye jiliwa la watu na kumtia mjomba wangu matatani. Majuto ni mjukuu, na huyo mjukuu nimemlea mimi mwenyewe. Sitaki aje kwenu.

MASHINE YENYEWE

Mjomba wangu ni fundi katika karakana moja ya vyuma hapa mjini. Kwa kuwa shule yetu ni ya kutwa, Jumamosi na wakati wa likizo mimi hupitia huko. Nilianza kwa kufagia vile vipande vya chuma vinavyojikunja kama nywele. Baadaye nikaruhusiwa kuketi mbele ya tarakilishi.

Mashine ninayoizungumzia si ile ya kukereza, ambayo huzungusha chuma chenyewe. Katika hii, chuma hubanwa kwenye jiliwa, ambalo mafundi wengi hapa kwetu huliita vaisi, na kikatio ndicho kinachozunguka. Kuna miendo mitatu. Kulia na kushoto ni mhimili wa X. Mbele na nyuma ni mhimili wa Y. Juu na chini ni mhimili wa Z. Zamani fundi alizungusha vishikio kwa mikono yake hadi jasho limtoke. Katika mashine hizi mpya, mota ndizo zinazozungusha, nazo hufuata amri zilizoandikwa kwa namba.

Wazo hili si la jana. Huko Marekani, John T. Parsons wa jimbo la Michigan alifikiria kuongoza mashine kwa namba, na mnamo mwaka wa 1952 chuo cha MIT kikaonyesha hadharani mashine ya kuchonga iliyofanya kazi kwa njia hiyo. Hapa Kenya nako hatukukaa tukifumba macho. Mwaka wa 1986 ulianzishwa mradi wa gari la Nyayo, na magari ya kwanza ya majaribio yakaonyeshwa mwaka wa 1990. Kutokana na mradi huo, mwaka wa 1994 likaundwa shirika la serikali la Numerical Machining Complex jijini Nairobi. Hata hilo jina lake linataja uchongaji kwa namba!

Basi, nani huandika hizo namba? Kazi ikiwa ndogo, fundi anaweza kuziandika mwenyewe. Ikiwa ngumu, huchora kitu chake katika programu, kisha programu ikaandika namba kwa niaba yake. Mjomba hutumia Mastercam, programu ya kampuni iliyoanzishwa mwaka wa 1983 huko Marekani, na kununuliwa na Sandvik ya Uswidi mwaka wa 2021. Programu nyingine zina majina mengine kwa mambo haya, lakini wazo ni lile lile.

VIDOLE VITATU NA KIBERITI

Nyoosha mkono wako wa kulia. Kidole gumba kielekeze kulia kwako: hicho ni X. Kidole cha shahada kielekeze mbali nawe: hicho ni Y. Kidole cha kati kikunje kielekee juu: hicho ni Z. Vidole hivyo vitatu havibadilishi uhusiano wao kamwe, hata ukiugeuza mkono namna gani.

Kumbuka jambo moja kubwa: kidole cha kati huelekea kule kikatio kinakotoka. Z ikiongezeka, kikatio kinaondoka kwenye chuma. Z ikiwa chini ya sufuri, kikatio kimeingia ndani ya chuma. Ukilisahau hili, umekwisha.

Sasa chukua kiberiti ukilaze mezani. Shika penseli wima juu yake. Penseli ndiyo biti. Unaweza kutoboa uso wa juu bila shida. Je, ukitaka kutoboa ubavu wa mbele? Penseli ya mashine ya mihimili mitatu hailali. Huja kutoka juu tu, siku zote. Kwa hivyo ni lazima kiberiti ndicho kigeuzwe, ule ubavu wa mbele utazame juu.

Hapo ndipo taabu inapoanzia. Wewe umegeuza kiberiti kwa mkono, lakini tarakilishi haina macho. Haijui kama umekigeuza. Ni lazima uiambie.

MAFIGA YENYEWE

Wahenga walisema jifya moja haliinjiki chungu. Programu hii nayo ina mafiga matatu, na yasipokaa sawa, chungu humwagika.

Figa la kwanza ni kitovu cha kazi. Hili huiambia programu chuma kimekaaje kwenye jiliwa, na sufuri iko pembe gani. Vipimo vyote huhesabiwa kutoka hapo. Kwenye mashine yenyewe, mahali pa sufuri hiyo huhifadhiwa katika anwani zinazoitwa G54, G55 na kuendelea hadi G59. Zote ni sita.

Figa la pili ni bapa la zana. Bapa ni uso tambarare usio na mwisho, kama karatasi pana iliyonyooshwa. Bapa la zana husema kikatio kinatoka upande gani. Ukichagua bapa la juu, kikatio kinautazama uso wa juu. Ukichagua la mbele, kinautazama uso wa mbele. Katika Mastercam utaliona limeandikwa Tplane.

Figa la tatu ni bapa la kuchorea, linaloandikwa Cplane. Hiyo ndiyo karatasi yako. Ukichora duara, duara litalala juu ya karatasi hiyo. Karatasi ikiwa imelazwa mezani, duara litalala mezani. Karatasi ikiwa imebandikwa ukutani, duara litasimama ukutani.

Kuna kitu cha nne ambacho si figa, nacho ndicho kilichoniponza mimi. Hicho ni jicho. Programu inakuruhusu kukitazama kitu kutoka upande wowote unaotaka. Lakini, ndugu msomaji, kugeuza jicho si kugeuza karatasi, wala si kugeuza kikatio! Mtu anaweza kusimama mlangoni akautazama ukuta, huku karatasi anayoandikia ikiwa bado imelala mezani.

Wanaosoma somo la michoro ya kiufundi wasiogope, kwa maana tayari wanayajua haya. Mwonekano wa juu, wa mbele na wa kando ndio mabapa yenyewe. Njia hiyo ya kuchora iliwekewa misingi na Mfaransa Gaspard Monge katika karne ya 18, akiwa katika shule ya kijeshi ya Mézières. Ilisaidia sana katika kupanga ngome, hata wakubwa wake wakaifanya siri ya jeshi kwa miaka mingi. Kitabu chake kilitoka mwaka wa 1799. Leo siri ile ya majenerali inafundishwa shuleni!

KISA CHANGU

Ilikuwa likizo ya Agosti. Mteja mmoja alileta kazi ya haraka: kipande cha alumini cha kushikilia beringi ya mashine inayofunga pakiti za unga. Mashine yake ilikuwa imesimama, na wafanyakazi wake walikuwa wakingoja tu. Kipande kilikuwa na urefu wa milimita 100, upana wa 60 na kimo cha 40. Kilitakiwa matundu matatu juu, na mawili kwenye uso wa mbele.

Mjomba aliniambia, "Mwanangu, leo wewe ndiye utakayeitayarisha. Nitakuangalia."

Jamani, furaha niliyokuwa nayo! Kitovu nikakiweka kwenye pembe ya juu, mbele, kushoto. Matundu matatu ya juu yakatoka safi kama yaliyonunuliwa dukani. Kichwa kikavimba.

Yakabaki yale mawili ya mbele. Yalikuwa na upana wa milimita 8 na kina cha 25. La kwanza lilikuwa milimita 25 kutoka kushoto na la pili 75, na yote mawili milimita 20 chini ya ukingo wa juu. Nikageuza jicho liangalie mbele. Nikageuza na bapa la kuchorea. Nikachora maduara yangu mawili, yakakaa pale pale panapotakiwa. Mjomba akakigeuza kipande kwenye jiliwa, uso wa mbele ukatazama juu na ule uliokuwa wa juu ukagusa taya la nyuma. Kipande kilichomoza milimita 15 juu ya taya. Akapima sufuri mpya.

"Umekagua?" akaniuliza, huku ameitwa upande wa pili na mwenzake.

"Nimekagua, mjomba."

Nilikuwa nimetazama. Kutazama si kukagua. Kwenye skrini kila kitu kilipendeza, kwa sababu jicho lilikuwa mbele na karatasi ilikuwa mbele. Lakini bapa la zana nilikuwa nimelisahau juu, na kitovu cha kazi pia kilikuwa bado juu.

Ebu tufuate hesabu pamoja. Ukitumia bapa la juu, tundu la kwanza liko X 25, Y 0, na Z 20 chini ya sufuri. Y ni sufuri kwa sababu uso wa mbele ndipo upana unapoanzia. Ukitumia bapa la mbele, tundu lile lile liko X 25, Y 20 chini ya sufuri, na Z ni sufuri. Tundu halijasogea hata unywele. Ni vidole vya mkono tu vilivyogeuka.

Kipande kilikuwa kimegeuzwa, kwa hivyo mashine ilihitaji kuambiwa Y 20 chini ya sufuri, yaani katikati ya ule uso wenye kimo cha 40. Badala yake programu yangu iliiambia Y 0. Na Y 0 sasa ilikuwa wapi? Ilikuwa ukingoni kabisa, pale alumini inapogusana na taya la nyuma la jiliwa!

Mashine haibishani na mtu. Biti ikashuka, nusu ndani ya alumini, nusu hewani. Ikalia kama mbuzi anayechinjwa. Ilipopita zile milimita 15 ikakutana na taya la chuma kigumu. Pa! Kipande cha biti kikaruka kikapiga dirisha. Mjomba akakimbia na kugonga kile kitufe chekundu. Karakana nzima ikanyamaza.

Mwenye karakana akatoka ofisini. Akaangalia jiliwa, akaangalia alumini iliyochunwa ukingoni, kisha akaniangalia mimi. Miguu iliniisha nguvu. Nilitaka kusema, lakini mjomba akatangulia: "Kosa ni langu, bosi. Fundi ni mimi. Nilianzisha kazi bila kuisoma."

Bei ya biti na ya alumini ikakatwa kwenye mshahara wake. Usiku ule alibaki kazini kuchonga kipande kingine, na mteja akakichukua siku moja baada ya ahadi. Mjomba hakunigombeza hata neno. Afadhali angenigombeza. Nilipomwomba msamaha alisema tu, "Njoo kesho na kiberiti." Nami kesho yake nikaja na kiberiti, na masomo uliyoyasoma hapo juu ndiyo aliyonifundisha.

KANUNI ZA KUFUATA

Nimeziandika kwenye karatasi na kuzibandika juu ya tarakilishi ya karakana. Nakupa nawe bila malipo.

Kwanza, kabla hujagusa kipanya, shika kitu chenyewe mkononi. Jiulize: kitakaaje kwenye jiliwa? Uso upi utatazama juu? Jibu hilo ndilo kitovu chako cha kazi.

Pili, kwenye mashine ya mihimili mitatu, mafiga yote matatu yawe na jina moja. Kazi ya kwanza: juu, juu, juu. Ukigeuza chuma: mbele, mbele, mbele. Likitofautiana moja, simama.

Tatu, kila unapokibana chuma upya, pima sufuri upya na uipe anwani yake. Ikiwa ya kwanza ilikuwa G54, ya pili iwe G55. Usimwage maji mawili katika mtungi mmoja.

Nne, angalia kina cha kuchorea. Karatasi ya programu inaweza kupandishwa na kushushwa. Ukiwa umeishusha milimita 20 ukasahau, kila utakachochora kitakaa huko chini. Jicho likiwa juu kabisa huwezi kuona tofauti. Zungusha jicho upande upande ndipo utajua duara limekaa juu ya chuma au linaelea hewani kama mwewe.

Tano, ukimaliza kazi ya pembeni, rudisha mafiga yote juu. Anayekuja nyuma yako asikute mtego.

Sita, soma mistari ya kwanza ya namba kabla ya kubonyeza kitufe cha kijani. Lau ningesoma mistari mitatu tu, ningeona Y 0 na kujiuliza, "Mbona tundu liko ukingoni?" Dakika moja ingeokoa mshahara wa mtu.

Saba, mara ya kwanza endesha hewani. Inua sufuri ya Z juu ya chuma, kwa kimo kinachopita kina cha tundu, kisha uiache mashine iende mstari mmoja mmoja huku kidole kikiwa karibu na kitufe chekundu. Haraka haraka haina baraka.

JE, MAFIGA YANAWEZA KUTOFAUTIANA?

Ndiyo, lakini ujue sababu. Bapa la kuchorea ni la kuchorea tu. Unaweza kuligeuza ukachora mstari wa kukusaidia, kisha ukalirudisha. Halimpi kikatio amri yoyote.

Pia kuna mashine zenye mihimili minne au mitano. Hizo hugeuza meza au kichwa zenyewe. Kwa mashine kama hizo, kitovu cha kazi hukaa pale pale, bapa la zana ndilo hubadilishwa, na mashine hukigeuza chuma au kichwa chake mpaka uso unaotakiwa utazamane na kikatio. Tungekuwa na mashine hiyo, kipande chetu kisingetolewa kwenye jiliwa kamwe. Hata hivyo, mwenye kusahau bapa la zana atavunja biti hata huko, tena biti ya bei ghali zaidi.

Usichanganye mabapa haya na zile amri za G17, G18 na G19 zinazoonekana ndani ya namba. Hizo huiambia mashine duara litembee kati ya mihimili ipi: G17 ni X na Y, G18 ni X na Z, G19 ni Y na Z. Ukilipanga vizuri bapa la zana, aghalabu utaona G17 tu, kwa sababu X na Y huwa tayari zimegeuka pamoja na kikatio.

TAMATI

Wengine wataniuliza, haya yanahusu nini Chama cha Kiswahili? Yanahusu sana. Siku ile nilipoiharibu kazi, nilikuwa nimesoma yale maneno ya Kiingereza kwenye skrini mara nyingi, nikayakariri kama kasuku. Sikuyaelewa mpaka mjomba aliposema "karatasi", "jicho" na "figa". Neno la lugha unayoiota usiku huingia hadi kwenye mfupa. Mimi nimesema bapa la zana, bapa la kuchorea na kitovu cha kazi. Ukiwa na maneno bora kuliko hayo, yaandike katika toleo lijalo, nasi tutayajadili chamani Ijumaa saa kumi.

Jiliwa lile bado linatumika. Kwenye taya la nyuma kuna kishimo kidogo cha duara, na mafundi wamekipa jina langu. Kila Jumamosi kabla ya kuanza kazi mimi hukigusa kwa kidole, kisha huyahesabu mafiga yangu: moja, mbili, tatu. Desemba iliyopita mjomba aliniachia tena kazi yenye nyuso mbili. Akaniuliza, "Umekagua?" Nikamjibu, "Ngoja kidogo, mjomba, bado nasoma." Akacheka, akaenda kunywa chai yake bila kugeuka nyuma.

Kwaheri ya kuonana, msomaji mpenzi. Kiberiti changu unaweza kukiazima.

Mwanachama, Kidato cha Tatu